Mikono ya Muuguzi: Namna ya Kuchagua Krimu kwa Ngozi Iliyochoshwa na Sabuni

Hotuba kwa wauguzi na wakunga, Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mkuu wa hospitali, matroni na wasimamizi wa wodi, wauguzi na wakunga wenzangu: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi hii katika juma linaloanza tarehe 5 Mei, ambayo ni Siku ya Usafi wa Mikono Duniani na pia Siku ya Wakunga, na kuishia tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi. Kila mwaka katika juma hili tunakumbushana kunawa, na ni vyema tukakumbushana. Mimi ninafanya kazi kliniki ya ngozi, na kwa ajili hiyo naomba kuzungumzia jambo linalofuata baada ya kunawa, ambalo mara nyingi halina bango ukutani wala fungu katika bajeti: ngozi ya mikono hiyo hiyo tunayoinawisha, na krimu inayofaa kuipaka. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Krimu ya mikono kwa muuguzi ni kifaa cha kazi, kama zilivyo glovu na sabuni, na inapaswa kuchaguliwa kwa kutazama kilichomo ndani yake na saa itakayotumika, wala si kwa harufu yake, rangi ya kopo, au sifa alizozitoa muuzaji.

Tuanze na mkono wenyewe. Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na yanasema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwetu wekundu hauonekani kirahisi, na ndiyo maana wengi hujiona wazima hadi siku wanapoanza kuumia. Kinachoonekana kwanza ni mpauko wa kijivu juu ya vifundo vya vidole, mpauko ambao ukipaka mafuta huondoka na baada ya muda mfupi umerudi. Kisha ngozi ya nyuma ya mkono inakoza rangi na kukakamaa, na mistari yake inakuwa mirefu na ya wazi kuliko zamani. Mwishoni vinakuja vijipasuko vyembamba kwenye maungo ya vidole na pembeni mwa kucha, ambavyo huvijui vipo hadi utakapomimina spiriti. Mkunga mmoja aliyefika kliniki kwetu alikuwa na mikono ambayo kwa mbali ungesema haina kasoro. Alipovua pete ya ndoa, chini yake palikuwa na duara la ngozi iliyochubuka, lenye magamba membamba pembeni na unyevunyevu katikati. Sabuni ilikuwa inabaki pale kila anaponawa, kwa sababu maji hayapiti vizuri chini ya pete na kitambaa hakifiki kukausha. Kwa wengi wetu tatizo huanzia hapo hapo, chini ya pete na katikati ya vidole, kabla ya kuenea mkono mzima. Vueni pete mnapoingia zamu, ndugu zangu; hilo halihitaji bajeti.

Sababu ya ngozi kufikia hali hiyo inaeleweka. Tabaka lake la juu kabisa limepangwa kama ukuta wa matofali: seli zilizokwisha kufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayozishikamanisha na kuzuia maji ya mwili yasitoke ovyo. Sabuni imetengenezwa kuondoa mafuta, na haitofautishi mafuta ya uchafu na mafuta ya ngozi. Tena, uso wa ngozi yenye afya una tindikali kidogo, pH yake, yaani kipimo ambacho hupanda tindikali inapopungua, ikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande au ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10. Anayenawa mara chache kwa siku huipa ngozi nafasi ya kujirekebisha. Muuguzi anayezifuata zile nyakati tano za Shirika la Afya Duniani, yaani kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, haipi nafasi hiyo. Anabomoa upya kabla ukarabati haujaanza.

Hapa Dar es Salaam tuna mambo yetu yanayoongeza uzito. Maji ya visima katika sehemu nyingi za jiji yana chumvi, na maji yenye madini mengi hayatoi povu. Mtu anaongeza sabuni, na sabuni ikikutana na madini hayo huacha utando unaobaki juu ya ngozi hata baada ya kusuuza. Simtanki lililoko juu ya paa, ikifika saa sita mchana, hutoa maji ya moto bila ya mtu kuyachemsha, na maji ya moto huondoa mafuta ya ngozi haraka kuliko ya baridi. Wenzetu wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, na wa chumba cha wagonjwa mahututi hukaa kwenye kiyoyozi kwa saa nyingi, na hewa yake ni kavu. Na zamu ikiisha, wengi wenu hamwendi kupumzika. Mnakwenda kufua kwa sabuni ya unga, kumenya vitunguu na kukata pilipili kwa mikono ile ile iliyochoka. Daktari akikuuliza habari za kazini tu bila kukuuliza habari za nyumbani, amekusikiliza nusu.

Ninalisema jambo hili mbele ya viongozi wa hospitali kwa sababu linamgusa mgonjwa pia. Ngozi iliyopasuka hubeba vimelea wengi zaidi, wakiwemo stafilokokasi, na haisafishiki vizuri kama ngozi nzima. Zaidi ya hapo, mtu ambaye mikono inamuuma hunawa kidogo. Hatasema, lakini atapunguza. Huwezi kudai usafi wa mikono kwa kauli kali huku ukiiacha mikono yenyewe iharibike.

Kabla ya krimu, niseme neno moja kuhusu kitakasa mikono cha spiriti, kwa kuwa kinaonewa. Wengi hukikwepa wakisema kinaunguza. Ukweli ni kwamba kitakasa mikono kilichotengenezwa ipasavyo huikausha ngozi kidogo kuliko sabuni na maji, kwa sababu hakiyasuuzi mafuta ya ngozi na kuyapeleka kwenye karo, na kwa sababu huwekwa glisirini ndani yake. Katika kanuni ya Shirika la Afya Duniani kuna ethanoli asilimia 80, glisirini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Maumivu unayoyasikia ni taarifa kwamba ngozi ilikwisha kupasuka. Spiriti imekuonyesha palipo na ufa. Kwa hiyo mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, tumia kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30, kisha usiende kunawa tena kwa sabuni, kwani kufanya yote mawili kwa mfululizo ndiko kunakoiumiza ngozi zaidi. Sabuni na maji, kwa sekunde 40 hadi 60, yabaki kwa mikono yenye uchafu wa kuonekana, baada ya kutoka msalani, na kwa wagonjwa wa kuhara ambao vimelea vyao haviuawi na spiriti. Ukimaliza kunawa, kausha kwa kugandamiza karatasi, usisugue, na tafadhali msijifutie kwenye gauni.

Sasa tuje kwenye krimu. Yaliyomo ndani ya krimu nzuri ni ya namna tatu. Kuna vitu vinavyovuta na kushika maji ndani ya ngozi, mfano glisirini na yurea. Kuna mafuta yanayolainisha na kujaza nafasi kati ya seli, mfano mafuta ya mimea na siagi ya shea, na katika krimu za bei ya juu seramidi. Na kuna vitu vinavyofunika juu ili maji yasitoke: mafuta ya mgando, parafini ya maji (ile ya dawa, si mafuta ya taa), nta ya nyuki na dimethikoni, ambayo ni aina ya silikoni. Losheni nyingi za madukani zina maji mengi na kiasi kidogo tu cha kundi la tatu, ndiyo maana unapaka, unajisikia vizuri, na baada ya muda mfupi umekauka tena. Kadiri krimu inavyokuwa nzito ndivyo inavyofunika zaidi, na hakuna kinachofunika kuliko mafuta ya mgando ya kawaida, yale yasiyo na harufu, ambayo yanapatikana katika kila duka la mtaa.

Mtaniuliza, basi si tutumie hayo hayo na tumalize? Kazini hapana. Mafuta ya mgando na mafuta mengine ya namna hiyo hudhoofisha glovu za lateksi, yaani za mpira asilia. Glovu inalegea na inaweza kutoboka bila wewe kujua, na hilo kwa mtu anayeshika sindano na damu halivumiliki. Tena mkono unaoteleza haufai kushika mtoto anayezaliwa. Ndiyo maana nawashauri msitafute krimu moja itakayofanya yote. Tafuteni mbili. Ya kazini iwe krimu ya maji na mafuta inayozama haraka, yenye glisirini kwa wingi na dimethikoni, isiyo na harufu, na uipe dakika chache iingie kabla ya kuvaa glovu. Ya nyumbani iwe nzito kadiri unavyoweza kuvumilia: mafuta ya mgando, au mchanganyiko wa parafini laini, ambayo ndiyo mafuta ya mgando yenyewe, na parafini ya maji nusu kwa nusu, ambao mfamasia anaweza kukuandalia. Hiyo unaipaka usiku kabla ya kulala, juu ya mikono iliyobaki na unyevu kidogo, kisha unavaa glovu za pamba au hata soksi safi. Angalizo: kitambaa kilicholowa parafini hushika moto haraka sana. Usisogee jiko la mkaa wala la gesi ukiwa umevaa.

Yurea ni nzuri kwa ngozi iliyokakamaa, kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10. Lakini kwenye nyufa mbichi inawasha kama chumvi, basi zibeni nyufa kwanza kwa mafuta mazito kwa siku kadhaa, ndipo muanze yurea.

Namna ya kusoma kopo ni hii. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kinachozidi kikitangulia. Mara nyingi cha kwanza ni Aqua, yaani maji. Kama glisirini, ambayo huandikwa Glycerin, ni ya pili au ya tatu, hiyo ni dalili njema. Kama imejificha mwishoni karibu na rangi, huna krimu bali una maji yenye harufu. Ukiona Parfum au Fragrance, irudishe rafuni, hata kama imeandikwa mbele kwamba ni ya asili au ya mtoto. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kusababisha mzio wa vipodozi, na ngozi iliyopasuka huyapitisha ndani kirahisi zaidi. Mimi najua kwamba kwetu harufu nzuri ni sehemu ya usafi na heshima ya mtu. Basi udi na marashi vibaki kwenye nguo, mikono iachwe. Kihifadhi kiitwacho Methylisothiazolinone nacho kimewapa watu wengi mzio, heri kukiepuka. Na kama una shaka na krimu mpya, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki nzima. Pakianza kuwasha au kuvimba, umejua kabla ya kuiweka mikononi.

Chombo nacho ni sehemu ya uchaguzi. Kopo la mdomo mpana ambalo wodi nzima inachovya vidole ni kopo la kubadilishana vimelea. Chagueni tyubu ya mtu mmoja, au chupa ya pampu, na chupa ikiisha iondolewe. Isijazwe nyingine juu ya mabaki.

Wengine mmeniuliza kuhusu mafuta ya nazi. Ni mafuta mazuri, yanalainisha, na kwa nyumbani sina ugomvi nayo ingawa hayafuniki kama mafuta ya mgando. Kinachonitia wasiwasi ni glisirini iliyochanganywa na limau au ndimu, dawa ambayo wengi tumeirithi kwa mama zetu. Glisirini ni salama. Ndimu ina tindikali inayochoma nyufa, na ina kemikali ambayo ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi yanayokaa kwa muda mrefu. Toeni ndimu, glisirini ibaki, ongezeni maji kidogo, kisha funikeni na mafuta.

Jambo ambalo naomba mlisikie kwa makini zaidi ni zile krimu zinazouzwa kwa maneno ya mdomo kwamba zinaponyesha mikono kwa siku tatu. Krimu ya kawaida haiponyeshi kwa siku tatu. Inayofanya hivyo, mara nyingi ndani yake kuna steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kama klobetasoli, ambayo hutuliza kila kitu haraka na, ikiendelea kutumiwa bila usimamizi, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huficha fangasi na kuwaacha waenee. Mkorogo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa humo hujui kama kuna haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi, au zebaki, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inakwenda hadi kwenye figo. Viambato hivi havikubaliki katika vipodozi nchini mwetu, na tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Steroidi ina nafasi yake katika tiba ya mikono, na madaktari wetu huiandika, kwa nguvu maalumu na kwa siku maalumu. Isinunuliwe Kariakoo pamoja na vitenge.

Kiasi cha kupaka: krimu inayotoka kwenye tyubu na kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ni takriban nusu gramu, na hiyo inatosha mkono mmoja, mbele na nyuma. Kwa mikono miwili ni gramu 1. Anza nyuma ya mikono, ndiko kunakokauka, kisha vifundo, katikati ya vidole, kuzunguka kucha, na kidole gumba ambacho husahaulika. Viganja vitapata kilichobaki. Paka unapoingia zamu, wakati wa chai, wakati wa chakula, na unapotoka. Kaka zangu wauguzi, ninyi pia. Ngozi inayopasuka haina ya kiume wala ya kike.

Yapo yasiyotibiwa kwa krimu. Kama katikati ya vidole pamekuwa peupe, pamelainika na kunyauka, yaelekea ni fangasi wanaopenda unyevu, na mafuta mazito yatawastawisha. Kama mwasho unazidi usiku na nyumbani watu wengine nao wanajikuna, fikiria upele, ambao sisi wauguzi huuchukua kwa wagonjwa. Kama ngozi inawaka dakika chache tu baada ya kuvaa glovu, na hasa ukipata mafua au kifua kubana, huo waweza kuwa mzio wa lateksi, nao ni hatari. Usivae tena lateksi hadi upimwe. Kama vipele vinakuja siku moja au mbili baadaye na vinaishia pale glovu inapoishia kwenye kifundo cha mkono, shaka iko kwenye kemikali za kutengenezea mpira. Na kama mikono inapona ukiwa likizo na kuharibika tena wiki ya kwanza kazini, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kwa kuwa ni ushahidi kwamba chanzo ni kazi.

Namalizia na viongozi wetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unasema watumishi wapatiwe losheni au krimu ili kupunguza madhara ya kunawa, haukusema wajinunulie. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya madhara ya kazi yake. Na gharama yake si ya kutisha. Muuguzi akitumia gramu 1 mara 4 kwa zamu, kwa zamu 22 za mwezi, ni gramu 88. Wodi yenye wauguzi 20 haifiki kilo 2. Kitengo cha ununuzi kikiandika maombi, kiandike hivi: krimu isiyo na manukato, yenye glisirini, isiyodhoofisha glovu zinazotumika hapa, isiyopunguza nguvu ya klorheksidini, dawa ya kuua vimelea inayotumika thieta, kwa kuwa baadhi ya krimu hufanya hivyo, katika chupa ya pampu isiyojazwa tena, moja kwa kila sinki. Isiandikwe ile krimu iitwayo kwa Kiingereza aqueous cream, kwa sababu mara nyingi huwekwa sodiamu laurili salfeti, kitu cha kutolea povu, na ikiachwa juu ya ngozi huikausha zaidi. Na vile vipande vya sabuni ya mche vinavyokatwa na kuwekwa kando ya sinki viondolewe, na mahali pake ije sabuni ya maji iliyo laini kwa mikono.

Waliokuja na krimu zao kama matroni alivyowaomba, tutazisoma kopo moja moja baada ya chai. Na yeyote anayehisi mikono yake imekwisha kupita hatua ya krimu, abaki nimtazame pembeni, nimwandikie barua ya kuja kliniki.

Asanteni kwa kunisikiliza.